Mtunzi Aliyeuliza

Mwaka 1978 Pina Bausch alitunga dansi fupi iitwayo Café Müller, naye mwenyewe akawa miongoni mwa wachezaji. Jukwaa limejaa meza na viti. Yeye anapita nyuma kabisa, kavaa gauni jepesi, macho kayafumba. Miaka ilipopita akarudi kuicheza tena, lakini ile hisia ya mwanzo ikamkimbia. Hatua zilikuwa zilezile na muziki ni uleule wa mtunzi Purcell. Akahangaika nayo, hadi akagundua kwamba siri imo nyuma ya kope: macho yaliyofumbwa yakitazama chini, mwili unahisi hivi, yakitazama mbele, unahisi vingine kabisa.

Aliyekaa kwenye viti vya watazamaji hawezi kuyaona macho hayo. Bausch aliyashughulikia hata hivyo, na hapo ndipo ninapompendea. Kwake, hatua ilianzia mahali pasipoonekana.

Alizaliwa mwaka 1940 huko Solingen, Ujerumani, katika familia iliyoendesha mkahawa wenye vyumba vya wageni. Akiwa mtoto alikuwa akijificha chini ya meza, akiwatazama na kuwasikiliza watu wazima. Alisomea dansi Essen kwa Kurt Jooss, kisha New York, na mwaka 1973 akakabidhiwa kundi la baleti la mji wa Wuppertal.

Tumezoea mwalimu wa ngoma atangulie: yeye anaonyesha, wengine wanafuata, anayekosea anarudishwa mwanzo. Bausch naye alianza kwa kutunga hatua mwenyewe. Mwaka 1975, katika Le Sacre du printemps, kwa muziki wa Stravinsky, alifunika jukwaa zima kwa udongo mweusi wa mboji. Wachezaji wanakimbia, wanaanguka, wanainuka. Miguu inazama, jasho linashikana na udongo, nguo zinachafuka. Hawana haja ya kuigiza uchovu, maana udongo umewachosha kweli.

Kisha ikaja kazi aliyoitunga mjini Bochum, mwaka 1978, iliyotokana na Macbeth ya Shakespeare. Safari hii alikuwa na waigizaji na mwimbaji pamoja na wachezaji wa dansi, na si wote wangeweza kupewa hatua za dansi wakazicheza. Basi akawa anawauliza maswali, na njia hiyo akaishika maisha yake yote. Anaketi mezani, karatasi na sigara mbele yake, anatupa swali au neno moja tu: kuhusu utoto, woga, mapenzi, kubembeleza. Mmoja anajibu kwa kisa, mwingine kwa wimbo, mwingine kwa kuinua mkono tu. Yeye anatazama na kuandika, hamwambii mtu kwamba amepatia au amekosea.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Kwa Bausch, kuuliza ndiko kulikokuwa ufundi wenyewe, na sehemu ngumu ilikuja baada ya jibu. Majibu mengi yaliachwa. Machache yaliyobaki aliyarudia na wachezaji siku baada ya siku, akayaunganisha, akayatenganisha, akajaribu hili kando ya lile, mpaka kitu kidogo cha mtu mmoja kikapata mahali pasipoweza kukaa kingine. Mara nyingi onyesho la kwanza lilifika kabla kazi haijapata jina, likatangazwa tu kuwa ni kazi ya Pina Bausch.

Tazama Kontakthof, ya mwaka huohuo wa 1978. Wachezaji wanakuja mbele ya jukwaa na kujionyesha: meno, viganja, nywele, mgongo, kama watu wanaopimwa kabla ya kuchaguliwa. Mwaka 2000 aliwapa kazi hiyo wakazi wa Wuppertal wenye miaka 65 na zaidi, watu ambao hawakuwa wachezaji. Mwaka 2008 akawapa vijana wadogo, kuanzia miaka 14. Hatua hazikubadilishwa ziwe nyepesi. Mzee akionyesha viganja, unaona umri wote uliopita humo. Kijana akionyesha vilevile, unaona haya ya mtu asiyejua bado mwili wake utakuwaje. Hatua ni moja, lakini kila mtu ameijibu kwa mwili wake.

Bausch alifariki mwaka 2009. Mwaka 2020 Le Sacre du printemps ilifunzwa upya nchini Senegal, katika École des Sables, shule ya dansi ya Germaine Acogny iliyoko Toubab Dialaw, kwa wachezaji kutoka nchi 14 za Afrika. Korona ikazuia safari zao kabla ya onyesho la kwanza. Basi kabla ya kutawanyika wakaicheza pwani, jua likizama, wakarekodiwa kwa kamera.

Mboji haikuwepo. Ulikuwepo mchanga, nao ulishika miguu vilevile: wakikimbia unawarudisha nyuma, wakianguka unawapokea. Mtunzi hakuwepo kuuliza lolote, lakini ardhi iliwauliza, nao wakajibu wakihema.