Boston 2023: Geay alishambulia vizuri, ila peke yake

Marathoni ya Boston haina waongoza kasi wa kukodiwa kama ile ya Berlin au Valencia. Anayetangulia anawafanyia wenzake kazi ya bure: anakata upepo, anapanga mwendo, nao wanamfuata mgongoni wakihifadhi nguvu. Usipoliweka hilo mbele, huwezi kuelewa kilichotokea tarehe 17 Aprili 2023, Mtanzania Gabriel Geay alipomaliza wa pili kwa saa 2:06:04, sekunde 10 nyuma ya Evans Chebet wa Kenya.

Macho ya dunia yalikuwa kwa Eliud Kipchoge, mwenye rekodi ya dunia ya 2:01:09 wakati huo. Alitoka Hopkinton, mbio zinakoanzia, kwa kasi na kuongoza kwa muda mrefu. Njia hiyo huanza kwa kuteremka, na mteremko ni mdanganyifu: pumzi inabaki nzuri huku mapaja yakiliwa taratibu, kwa sababu kila hatua misuli ya mbele inafanya kazi ya breki. Deni lake hudaiwa baada ya kilomita 25, vinapoanza vilima vya Newton. Viko vinne, cha mwisho kikiwa Heartbreak Hill, mnamo kilomita ya 33. Kwa mtu wa Mbulu, kule Tanzania, anayeijua barabara ya Mlima Magara, ile inayoshuka kuelekea Mbuyu wa Mjerumani, hivyo ni vichuguu tu. Ubaya wake ni kwamba vinakukuta miguu imekwisha kuchoka.

Geay aliisoma njia hiyo sawasawa. Alitulia nyuma mpaka karibu na kilomita ya 30, kisha akaongeza kasi akiwa anapanda. Kipchoge, aliyekuwa ameikosa chupa yake ya kinywaji maeneo hayohayo, akaachika na kuishia wa sita kwa 2:09:23. Kushambulia kilimani kuna hesabu yake. Kasi inapopungua, kujificha nyuma ya mtu hakusaidii sana. Kila mmoja anaupandisha uzito wake mwenyewe. Kwa mkimbiaji asiye na mwenzake, pale ndipo mahali pa haki kuliko pote kwenye njia ile.

Lakini vilima vilipokwisha, mambo yakageuka. Barabara ilianza tena kushuka kuelekea mjini, kasi ikapanda, na mgongo wa mtu ukawa na thamani upya. Waliobaki naye mbele ni Chebet na Benson Kipruto, Wakenya wanaofanya mazoezi pamoja chini ya kocha Claudio Berardelli. Chebet alipochomoka karibu na kilomita ya 40, Geay alikuwa na njia mbili, zote mbaya: amkimbilie huku akimvuta Kipruto mgongoni, au asubiri Kipruto amfukuze mwenzake, jambo ambalo lisingetokea. Kumshinda Kipruto kwa sekunde 2 mwishoni ni ushahidi kwamba miguu ilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa pili.

Hata hivyo, kuwa wawili hakutoshi. Mwaka 1982 huko Brisbane, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, Tanzania ilikuwa na Juma Ikangaa na Gidamis Shahanga, mzaliwa wa Katesh, Hanang, aliyekuwa bingwa wa marathoni wa michezo hiyo tangu 1978. Wote wawili walitoka mbele kwa kasi ileile, Shahanga akiwa na uchovu wa mbio za mita 10,000 alizoshinda siku chache kabla. Rob de Castella wa Australia aliachwa karibu dakika nzima, akavumilia, akamnasa Ikangaa mwishoni na kushinda kwa 2:09:18 dhidi ya 2:09:30. Shahanga alirudi hadi nafasi ya sita. Watu wawili walifanya kazi ya mmoja.

Hadi 2025, Boston yenyewe ilikuwa imetuweka Watanzania nafasi ya pili mara tano: Ikangaa mwaka 1988 (kwa tofauti ya sekunde 1), 1989 na 1990, Geay 2023, na Alphonce Simbu 2025. Ushindi ulikuwa bado. Ombi langu kwa Riadha Tanzania na mameneja wa wanariadha ni hili: pelekeni wawili wa kambi moja, wafundisheni kushuka na si kupanda tu, na kabla bunduki haijalia Hopkinton wawe wamekubaliana nani atashambulia Newton na nani atakaa kimya hadi Boylston Street, mbio zinakoishia.