Fukusi, mawingu na gugu-maji la Winam

Anayetoka mtaa wa Migosi mjini Kisumu akashuka hadi ufuo wa Dunga na kukuta maji wazi asiharakishe kusema gugu-maji limepungua. Upepo ukigeuka, mkeka mzima wa gugu huhama, na kesho yake wa kufungiwa mtumbwi ni mvuvi wa Kendu Bay, ng'ambo ya ghuba. Ndiyo maana eneo lake hupimwa kwa picha za setilaiti. Mwishoni mwa 1998 gugu lilifunika takriban hekta 17,000 za Ghuba ya Winam, upande wa Kenya wa Ziwa Victoria. Mwanzoni mwa 2000 zilibaki mia chache tu.

Aliyelipunguza, kwa maoni yangu, ni mdudu aitwaye fukusi. Taasisi ya utafiti wa kilimo, KARI, iliwazalisha Kibos, nje kidogo ya mji, na kuanza kuwaachia ziwani mwaka 1997. Ni spishi mbili za Neochetina, wenyeji wa Amerika Kusini kama gugu lenyewe. Fukusi mzima, mwenye milimita tano hivi, hukwangua jani na kuliachia makovu madogo. Mharibifu hasa ni funza wake: hutoboa kile kikonyo kilichojaa hewa, akichimba kuelekea kitovu cha mmea. Maji na kuvu hupenya tunduni, kikonyo huoza, na mmea usioweza kuelea tena huzama. Kazi hii huchukua vizazi kadhaa vya fukusi, na hapo ndipo wengi walipokata tamaa mapema.

Wapo wanaoipa sifa El Niño: mawingu ya 1997 na 1998 yaliunyima mmea jua, mawimbi yakaupasua. Hoja ina uzito, na sibishi kwamba mawimbi yaliimaliza mikeka iliyokwisha kulegea. Lakini mawingu yaleyale yalitanda upande wa Uganda wa ziwa hilo. Huko fukusi waliachiwa mwishoni mwa 1995 na gugu likaporomoka 1998. Kwetu Kenya waliachiwa 1997, likaporomoka 1999. Hali ya hewa peke yake ingelipunguza gugu pande zote mbili kwa wakati mmoja. Mashine za kukatakata nazo zilifika mmea ukiwa umeshadhoofika, na kukata bila kuopoa ni kulirudishia ziwa mbolea yake.

Mbona basi gugu lilirudi kwa kishindo 2007? Kwa sababu funza hujifungia kifukofuko kwenye mizizi ya mmea unaoelea: mkeka ukizama, kizazi kijacho cha fukusi huzama nao. Mbegu, kwa upande wake, hukaa topeni miaka zaidi ya kumi na bado zikaota. Mvua kubwa za mwisho wa 2006 zilishusha udongo na rutuba kupitia mito ya Nyando na Sondu-Miriu, miche ikatapakaa wakati fukusi waliosalia ni wachache mno. Kuwalaumu kwa hilo ni kuwadai kazi ambayo mbinu hii haikuwahi kuahidi. Kilichokosekana ni kuwazalisha mfululizo na kuwaachia upya kila mvua kubwa inaponyesha, huku majitaka ya Kisumu yakizuiwa kuingia ghubani yakiwa hayajasafishwa.