Kamera katika Chumba cha Kuongozea Treni: Ujuzi Usiosemeka Ulivyonaswa

Mwulize mfanyakazi mzoefu anavyoifanya kazi yake, naye atakutajia hatua alizofundishwa: kwanza hiki, kisha kile. Sehemu kubwa ya anachokijua haimo katika maelezo hayo. Imo katika sikio, jicho na mkono wake. Michael Polanyi aliitetea hoja hii katika kitabu chake The Tacit Dimension cha mwaka 1966. Likabaki swali la vitendo: mtafiti atauonaje ujuzi ambao mwenyewe hawezi kuusimulia?

Jibu zuri lilitoka kwa Christian Heath na Paul Luff, waliochapisha mwaka 1992 utafiti wao kuhusu vyumba vya kuongozea treni za chini ya ardhi za London. Wakati huo, katika chumba cha Bakerloo, mojawapo ya njia hizo, mwongozaji alizungumza na madereva kwa redio. Karibu naye alikuwapo msaidizi aliyewatangazia abiria vituoni. Mbele yao, ukutani, kulikuwa na mchoro mrefu wa njia ulioonyesha kwa taa kila treni ilipo.

Watafiti hawa hawakutegemea kamera peke yake. Walikaa na wafanyakazi, wakaielewa kazi, huku wakirekodi sauti na picha. Uchambuzi wa namna hii huchukua kipande kifupi, pengine cha sekunde chache. Maneno yote huandikwa, na kila kimya hupimwa kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Sambamba na maneno huandikwa jicho linatazama wapi na mkono unagusa nini. Kisha kila kitendo huulizwa: kimetanguliwa na nini, na kwa nini kimekuja sasa hivi?

Tuchukue mwongozaji anayemwita dereva kwa redio ili amwagize asubiri kituoni. Kabla hawajamaliza, msaidizi ameshautupia macho mchoro wa ukutani na kusogea kwenye mitambo yake ya matangazo. Mara tangazo linatoka. Hakuna aliyemwagiza, wala harudii agizo alilopewa dereva. Amepima ni abiria gani watakaoguswa na uamuzi ule, akawaambia linalowahusu.

Mwongozaji naye, alipobadilisha ratiba kwa kalamu, aliyataja mabadiliko kwa sauti. Mgeni angedhani anajisemea tu. Mkanda unaonyesha kwamba wenzake wanayasikia maneno hayo na kupanga kazi zao kwa kuyafuata.

Mahojiano yasingelifichua hili, kwa sababu wahusika wenyewe hawalihesabu kuwa ni ujuzi. Daftari nalo lisingetosha: mwandishi akimtazama mmoja, wa pili anampita. Mkanda hurudishwa nyuma mara nyingi, na watu kadhaa wanaweza kubishana juu ya nusu sekunde ileile.

Kurekodi kazi hakukuanza hapo. Nchini Marekani, miaka ya 1910, Frank na Lillian Gilbreth waliwapiga filamu wafanyakazi pamoja na saa ili kupunguza miondoko isiyo ya lazima. Mbinu yao ilifaa kuhesabu mikono inavyokwenda. Kazi ya mtu anayesikiliza kwa chati anachosema jirani yake isingeonekana humo, kwa kuwa hapo mwili umetulia.

Tofauti hii kati ya miondoko inayoonekana na kazi ya kusikiliza ina uzito kwa anayepanga ofisi au kununua mitambo. Ukimpa kila mmoja chumba chake, skrini yake na vifaa vya kuziba masikio, umeondoa njia ambayo kazi ilikuwa ikipitia, na hakuna mwongozo wa kazi utakaokuonyesha kilichopotea.

Kwa hiyo, unayetaka kuhifadhi ujuzi wa wauguzi, mafundi mitambo au waunda majahazi, omba ridhaa yao kwanza. Weka kamera mahali inapowaona watu pamoja na vifaa vyao, chagua kipande kifupi, ukitazame nao, na usikubali mkanda huo ugeuzwe fimbo ya kuwaadhibu. Mfanyakazi anayeiogopa kamera ataionyesha kanuni, na ujuzi wake ataubakiza moyoni.