Koala, Mbega na Kipimo cha Umri: Uhakiki wa Hoja Moja ya Wanabiolojia

Miongoni mwa kanuni ambazo mwanafunzi huzipokea mapema na kuzitilia shaka kwa nadra, ipo hii: mnyama anyonyeshaye, kadiri awavyo mkubwa ndivyo aishivyo muda mrefu. Panya hafiki mbali, paka humpita panya, farasi humpita paka, naye tembo huwapita wote hao. Kanuni hiyo ina ukweli wake, wala katika makala hii fupi hatukusudii kuivunja. Tunakusudia kuhakiki namna inavyotumiwa pale anapoingia mnyama asiyekaa ndani yake kwa utulivu, yaani koala wa Australia, mnyama wa mfuko aishiye mitini. Huenda msomaji akauliza jarida la Kiswahili linahusikaje na mnyama wa bara jingine. Jibu letu ni kwamba sehemu kubwa ya hoja hii imejengwa juu ya maneno, na maneno hayo yakihamishiwa katika Kiswahili bila kupimwa, kosa nalo huhama pamoja nayo.

Tuanze na jina. Mwaka 1816 Henri de Blainville aliunda jina Phascolarctos kutokana na maneno mawili ya Kigiriki, mfuko na dubu. Mwaka uliofuata Georg Goldfuss akaongeza cinereus, yaani mwenye rangi ya jivu. Walowezi wa Kiingereza nao walimwita dubu. Mfasiri aandikapo leo "dubu koala" anaazima kosa la Mzungu kwa neno ambalo Kiswahili chenyewe kililiazima kwa Waarabu, tena neno la mnyama ambaye misitu yetu haimjui. Madhara yake si ya jina tu. Dubu jike wa rangi ya kahawia hupita kilo 100, na mtoto wake huzaliwa akiwa na gramu mia kadhaa. Koala dume wa Victoria, upande wa kusini, ana kilo 12 hivi; yule wa Queensland, kaskazini, ana kilo 6 au 7; na mtoto wa koala huzaliwa baada ya siku 35 hivi akiwa na uzito wa nusu gramu. Amlinganishaye koala na dubu kwa ukubwa na umri analinganisha majina, halinganishi wanyama.

Mwenzi wa kweli wa koala katika mlinganisho huu yuko karibu nasi zaidi. Ni mbega, ambaye jamii zake huishi katika misitu ya mashariki ya Kongo, hata katika mlima wa Kabobo kando ya Tanganyika. Mbega ana kilo 7 hadi 12 hivi, anakaa mitini, na chakula chake kikubwa ni majani. Kwa ukubwa, makao na chakula, wawili hawa ni karibu ndugu. Lakini katika bustani za wanyama mbega ameweza kupita miaka 30, hali koala akifika 20 huhesabiwa mzee sana, na porini ni wachache wanaopita 15. Uzito ni ule ule, umri si ule ule.

Hapa ndipo nadharia inapoanza kuyumba. Max Rubner mwaka 1908, na baada yake Raymond Pearl katika kitabu chake cha mwaka 1928, walieleza kwamba mwili uchomao chakula kwa kasi huchakaa mapema, na uchomao polepole hudumu. Sasa, mamalia wa mfuko wana umetaboli wa chini: wakiwa wamepumzika, hutumia kiasi cha asilimia 70 ya nguvu ambazo mamalia wa kondo wenye uzito sawa na wao huzitumia. Koala mwenyewe ni mvivu kupita wenzake, kwani hulala kiasi cha saa 20 kwa siku. Kwa mujibu wa Pearl angepaswa kumzika mbega. Mwaka 1991 Steven Austad na Kathleen Fischer walionyesha kuwa mambo ni kinyume: wanyama wa mfuko, kwa jumla, huishi muda mfupi kuliko mamalia wengine wa ukubwa wao, ilhali popo, ambao umetaboli wao si wa chini, huishi muda mrefu mno. Kwa maoni yetu, makala ile ilitosha kuiondoa hoja ya Pearl katika nafasi yake ya sheria.

Hata hivyo, nayo ina udhaifu wake, na udhaifu huo umo katika neno umri. Umri unaopimwa humo si wa wastani; ni umri wa juu, yaani miaka ya yule mmoja aliyewapita wote, na mara nyingi huyo mmoja alifugwa. Koala jike Sarah, wa hifadhi ya Lone Pine huko Queensland, alikufa mwaka 2001 akiwa na miaka 23. Midori, aliyefugwa katika kisiwa cha Awaji, Japani, alikufa mwaka 2022 akiwa na miaka 25. Je, kati ya miaka hiyo miwili koala wamebadilika? Hasha. Amebadilika mnyama mmoja, pamoja na ujuzi wa wafugaji wake. Jamii inayofugwa kwa maelfu ina nafasi kubwa ya kumtoa mzee wa ajabu; koala, ambaye lazima aletewe majani mabichi ya mkalitusi kila siku, hufugwa na wachache tu. Kiswahili kinaposema kwa ufupi "koala huishi miaka 25", kinamfanya Midori kuwa taifa zima.

Lipo pia swali la mahali pa kuanzia kuhesabu. Mtoto wa koala huzaliwa mapema mno, kisha hukaa mfukoni miezi sita hivi, kazi ambayo kwa mbega hufanywa na tumbo la uzazi. Anayehesabu tangu kuzaliwa anampa koala miezi ambayo mbega hapewi. Kwa mnyama wa miaka 20 hilo ni dogo. Kwa oposamu wa Marekani, ambaye porini mara chache hupita miaka miwili, siku zake 70 hivi za mfukoni ni fungu zima la maisha. Tukirekebisha hesabu, basi, wanyama wa mfuko wanazidi kurudi nyuma. Hivyo Austad na Fischer wanapata nguvu mahali ambapo hawakuitafuta.

Kinachobaki ni kuuliza mnyama huuawa na nini. Oposamu huyo huyo alimpa Austad jibu zuri mwaka 1993. Katika kisiwa cha Sapelo, jimbo la Georgia, ambako maadui wakubwa wa oposamu hawakuwako, wanyama wale walizeeka polepole kuliko ndugu zao wa bara. Ukubwa haukuwa sababu, na mfuko ni ule ule. Kwa hoja hiyo mti nao ungepaswa kuwa kinga, kwani aliye juu haliwi upesi. Milena Shattuck na Scott Williams, waliochunguza jamii 776 za mamalia mwaka 2010, walikuta kwamba ndivyo ilivyo kwa wengi: wakaao mitini huishi zaidi. Waliokuwa nje ya kanuni ni makundi mawili, wanyama wa mfuko na kundi la nyani pamoja na jamaa zao. Maelezo yao ni kwamba asili ya makundi hayo mawili ni mitini, hata yule aliyeshuka chini ameshuka na urithi wa juu. Maelezo haya yanatuvutia, ila hayatuambii kwa nini koala na mbega, wote warithi wa mti, wanaachana kwa miaka mingi kiasi hicho. Kwa upande wa koala tungetazama meno kwanza. Majani ya mkalitusi ni magumu, magego husagika mwaka hadi mwaka, na koala ambaye magego yake yamekwisha hufa njaa hali tumbo limejaa majani yasiyosagwa. Jambo hilo halionekani katika jedwali lolote la kilo na miaka.

Kwa mwenye kuandika biolojia kwa Kiswahili tunapendekeza umri wa juu na umri wa wastani vitenganishwe daima, na dubu aachwe kwa dubu. Mamalia wa kondo ni istilahi njema, kwani mkunga yeyote anaielewa. Mamalia wa mfuko tunaikubali kwa shingo upande, maana wapo miongoni mwao, kama vile baadhi ya oposamu wadogo wa Amerika ya Kusini, ambao hawana mfuko kabisa. Aliyependekeza mbele yetu neno mbeleko alituchekesha kwanza, kisha tukakumbuka kwamba mtoto wa koala, akishatoka mfukoni, hubebwa mgongoni.