Nanosilika na Maji ya Karai: Uhakiki wa Dai la Zege Endelevu
Tafiti zinazosifu nanosilika husisitiza kwamba chembe zake huungana na chokaa inayotokea saruji inapokutana na maji, zikaziba vitundu vya zege. Hoja hiyo ni sahihi. Udhaifu wake ni kuyanyamazia maji yenyewe. Chembe ndogo zaidi zina nyuso nyingi zaidi za kulowanisha. Pasipo kiongezeo cha kulainisha mchanganyiko, fundi wa Igamba, wilayani Mbozi, apimaye kwa ndoo na karai, ataongeza maji na kuipoteza nguvu iliyoahidiwa. Aidha, majivu ya volkano ya Rungwe yana silika ifanyayo kazi hiyohiyo, ingawa polepole. Kuyaruka hayo, nanosilika iagizwe ng'ambo, kisha zege hilo liitwe endelevu, ni dai ambalo vipimo vya maabara vya siku 28 haviwezi kulitetea.