Kicheko na Utumwa katika Riwaya ya Mark Twain
Mark Twain, aliyezaliwa Missouri mwaka 1835 kwa jina la Samuel Clemens, alikulia katika jamii iliyouona utumwa kuwa halali. Katika Adventures of Huckleberry Finn (1884), anamwachia Huck, mtoto mwenye elimu haba, asimulie kwa lahaja yake, na kicheko kinaiumbua jamii hiyo: Huck anajiona mwenye dhambi kwa kukataa kumsaliti Jim, mtumwa mtoro. Hapo fani na maudhui vimeoana. Lakini katika sura za mwisho Tom Sawyer, akijua kwamba Jim amekwisha kuachwa huru, anaugeuza ukombozi wake kuwa mchezo. Kicheko kilichomtetea mnyonge sasa kinamdhalilisha. Hiyo ndiyo dosari kubwa ya riwaya hii, na umaarufu wa mwandishi hauifuti.