Chuku, Upotoshaji na Ndege za Sangara

Mchora vibonzo Gado alipomchora Uhuru Kenyatta, alimfunga mguuni mnyororo wenye tufe la chuma. Hakuna aliyedhani Rais anaburuta tufe Ikulu ya Nairobi. Msomaji alijua mnyororo ule ni kesi yake katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, The Hague, na kesi ilikuwapo kweli. Mchoro wa namna hiyo Waingereza huuita “caricature”, neno lililotoka kwa Waitaliano, na mzizi wake ni kupakia mzigo. Mchoraji huchukua kilichopo akakipakia mpaka kikaelemea. Sisi tunasema amepiga chuku.

“Misrepresentation” ni habari nyingine. Sheria yetu ya Mikataba hapa Tanzania, Sura ya 345, inalifafanua neno hilo katika kifungu cha 18, na ufafanuzi wake unamgusa hata anayeamini kwamba asemacho ni kweli, ikiwa habari alizonazo hazimruhusu kukisema kwa uhakika. Nia mbaya si sharti. Kiswahili nacho kimelenga papo hapo: kupotosha ni kumfanya mwingine apotee, hata kama wewe mwenyewe ulidhani unaijua njia.

Kwetu Mkolani, jijini Mwanza, kazi inayofaa kuwekwa kwenye mizani hii ni filamu ya hali halisi ya Hubert Sauper, Darwin's Nightmare, ya mwaka 2004. Ilipigwa picha Mwanza, ikateuliwa kuwania Oscar, na mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete akailalamikia hadharani.

Tazama ilivyoundwa. Ndege kubwa za mizigo zinatua, zinapakia minofu ya sangara, zinaondoka kwenda Ulaya. Swali moja linarudi tena na tena: zinakuja na nini? Yupo mwandishi wa habari anayezungumzia silaha. Kisha, karibu na mwisho, rubani anaungama kwamba aliwahi kupeleka vifaru Angola, akarudi Ulaya na zabibu za Johannesburg. Sikiliza vizuri: ni Angola, tena ni zabibu. Lakini mtazamaji ameziona ndege za Mwanza kwa zaidi ya saa nzima, kwa hiyo ungamo hilo analitua kwenye uwanja wetu. Rubani hakusema hivyo. Mpangilio wa picha ndio uliosema.

Mapanki, yaani mifupa ya sangara inayobaki minofu ikishakatwa, nayo ni hivyo hivyo. Yapo, yanakaangwa, yanaliwa, na anayekana hilo naye anapotosha. Ila mtu wa Mkolani akiyaona kwenye filamu anakumbuka pia dagaa na sato wa sokoni. Anaweza kuushusha mzigo uliozidi na kubaki na hoja, nayo ni nzito: samaki bora anasafiri, mifupa inabaki. Mtazamaji wa Vienna hana soko hilo kichwani. Alichoonyeshwa ndicho Mwanza yote.

Basi filamu moja inaweza kuwa chuku Mwanza na upotoshaji Ulaya. Chuku humtegemea mtazamaji anayeijua sura halisi. Asipoijua, mpiga chuku anapaswa kumwachia alama ya kumzindua. Gado huiacha bila kutaka: wino unaonekana, na kila mtu anajua mkono wa mtu umepita pale. Kamera haionyeshi wino. Ndiyo maana anayeishika, hasa akiwa ugenini, ana deni ambalo mchora vibonzo hana: aseme zabibu zilipakiwa wapi, na sangara wapi.